Usimwambie mtoto "uwe mzuri, mama apone"

Juzi nilipita korido ya kliniki ya kemo, wanakotiwa dawa wagonjwa wa saratani, nikamkuta mmoja wenu, wafanyakazi wenzangu, amechuchumaa mbele ya binti wa miaka sita hivi, amemshika mikono yote miwili. Amechuchumaa vizuri, macho yamelingana na ya mtoto, sauti ya upole. Nikafurahi. Kisha nikasikia: "Uwe mtoto mzuri nyumbani, usimsumbue mama, ili apone haraka. Sawa?" Binti akaitikia kwa kichwa. Nilisimama palepale nguvu zikaniisha miguuni, maana sentensi hiyo naijua. Ilikuwa yangu.

Sikumkaripia. Nimeamua kuandika, kwa sababu mwezi huu peke yake nimeisikia sentensi hiyo na ndugu zake kwa watu wanne: mwanafunzi wa ustawi wa jamii, wauguzi wawili, na daktari ninayempenda sana. Nyote mna huruma, na huruma hiyohiyo ndiyo inayowaponyoka mdomoni mnapoaga. Namna ya kujaza fomu ya tathmini ya familia na kupanga kikao mnajua. Nitasema yale ambayo fomu haina nafasi yake.

1. Mtoto ana maelezo yake tayari.

Kabla hujafungua mdomo kufundisha, uliza: "Wewe unaonaje, baba ana nini?" Halafu nyamaza. Nyamaza kwelikweli, usimmalizie sentensi. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitano ambaye kila jioni aliweka karai la maji chini ya kitanda cha baba yake. Nyumba nzima walidhani ni mchezo, wakawa wanalimwaga asubuhi, naye analijaza upya jioni. Nilipomuuliza akanieleza kwa utulivu kabisa: baba ana kaa tumboni. Alimsikia mjomba akisema saratani, na kaka yake akamwonyesha kwenye ukurasa wa nyota gazetini, Saratani, pembeni pamechorwa kaa wa baharini. Baba akigugumia usiku ni kaa anambana. Maji yale yalikuwa ya kumvuta kaa atoke.

Tulicheka, na baba mtu alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini tazameni vizuri: mtoto huyu alikuwa na chanzo, dalili na tiba, vyote amevipata peke yake, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekaa naye dakika tano. Usipompa mtoto maelezo, atayatengeneza. Huyu alikuwa na bahati kwamba kwenye maelezo yake mkosaji alikuwa kaa. Wengi humweka mkosaji mwingine, na mara nyingi ni wao wenyewe.

2. Taja ugonjwa kwa jina lake.

Saratani au kansa, vyovyote familia inavyosema. Ukisema "mama anaumwa tu", siku mtoto atakapopata homa ataogopa kunyonyoka nywele.

3. Yale mambo matatu, yote matatu.

Hujaisababisha. Huwezi kuambukizwa. Si kazi yako kuiponya. Mawili ya kwanza nawasikia mnayasema vizuri, ingawa hapo kwenye kuambukizwa muwe makini na watoto wakubwa. Wanasoma. Watawaambia virusi vya HPV huleta saratani ya mlango wa kizazi na homa ya ini aina ya B huweza kuleta saratani ya ini, na ni kweli. Mjibu kama mtu mwenye akili: kirusi chaweza kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, saratani yenyewe haihami kwa kukumbatiwa, kulala kitanda kimoja wala kunywea kikombe kimoja. Vivyo hivyo mionzi. Mama aliyepigwa mionzi ya mashine harudi nyumbani nayo mwilini, mtoto amkumbatie apendavyo. Aliyemezeshwa iodini ya mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo, huyo kweli hukaa mbali na watoto kwa siku kadhaa, na mtoto aambiwe mapema ni siku ngapi, maana mlango uliofungwa bila maelezo hutafsiriwa kuwa hasira.

Jambo la tatu mnaliruka. Mimi niliruka.

4. Daftari.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mama mmoja alikuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kufika kwenye ini, dozi sita za kemo, moja kila baada ya wiki tatu. Mwanawe wa miaka tisa alikuja naye kila mara, maana shangazi yake alikuwa kazini na nyumbani hapakuwa na mtu. Nilimpenda yule mvulana. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha pembeni ya dripu, miguu haifiki chini, anasoma kwa sauti kila neno lililoandikwa kwenye mfuko wa dawa. Wakati wa kuondoka nilimvuta sikio kidogo nikamwambia, "Uwe mtoto mzuri, eh, mama apone." Niliisema kama mtu anavyosema kwaheri. Dozi sita, na siku za vipimo katikati. Hesabuni wenyewe niliisema mara ngapi.

Alibadilika. Mama yake alikuwa akinisimulia kwa fahari: anaamka mwenyewe, anatandika kitanda, hadai chochote, amekuwa mtu mzima. Mwalimu wake naye akamsifu. Na mimi nikaandika kwenye faili, kwa mkono wangu: "Mtoto anamudu vizuri." Nikatia sahihi.

Mama alifariki kabla mwaka haujaisha. Wiki chache baada ya maziko shangazi akamleta, akisema mtoto hali chakula vizuri na halii. Alikuja na daftari la hesabu, lile la miraba. Akaliweka mezani, akalifungua, akaligeuza upande wangu ili nisome. Kila ukurasa wiki moja. Kushoto ameandika orodha: nimeamka mwenyewe, sijalia, sijamwomba mama kitu, sijapiga kelele. Kwenye miraba, vyema na makosa, kama mwalimu anavyosahihisha. Kurasa na kurasa za vyema, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imebonyea. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na makosa mawili. Moja ni siku aliyomwamsha mama usiku kumweleza ndoto. Akaweka kidole juu ya mraba ule, akaniangalia.

"Anti, ni hili?"

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii. Na msidhani nililijibu vizuri. Nilisema haraka, "Hapana, hapana, usifikirie hivyo kabisa!" Nilitaka liishe, nilitaka atoe kile kidole. Akafunga daftari. Mara mbili zilizofuata alikuja, akakaa, hakusema neno. Nilikuwa nimemwambia asifikirie, na yeye, mtoto mtiifu, akaacha kufikiri mbele yangu.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Maneno ni yako. Nenda kayachukue mwenyewe."

Nikaenda. Nilimwambia hivi, na shangazi yake alikuwepo: "Nilikuwa nakuambia ukiwa mtoto mzuri mama atapona. Nilikosea mimi. Haikuwa kweli hata siku ile nilipoisema. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini kabla mimi na wewe hatujajuana. Ungevunja kila kitu nyumbani, dawa zingefanya kazi vilevile. Ulikaa kimya, na zilifanya kazi vilevile." Akauliza, "Hata nilipomwamsha?" Nikasema hata ulipomwamsha. Hapo shangazi akadakia, akasema asubuhi ile mama alimpigia simu kumsimulia ndoto yenyewe, iliyokuwa ya mbuzi anayeendesha basi, na kwamba walicheka wote wawili. Mvulana akamtazama shangazi yake muda mrefu. Ndipo akalia. Alilia kama mtoto wa miaka tisa, kwa kelele, kamasi na yote, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Alipoondoka alichukua daftari lake. Sikumwomba aliache na sijui alilifanya nini.

Kwa hiyo nikiona kwenye faili zenu "mtoto anamudu vizuri", nitawarudisha. Niandikieni anacheza na nani, analala saa ngapi, mara ya mwisho kukosea ilikuwa lini. Mtoto anayepigana shuleni au aliyerudia kukojoa kitandani mnamwona wote, na mnamleta. Yule aliyenyooka ghafla hakuna anayemleta. Mleteni huyo.

5. Mambo ya haraka.

Nywele huanza kutoka wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza, kwa dawa zinazonyonyoa, kwa hiyo mtoto aelezwe kabla hajaziona kwenye mto. Chembe nyeupe za damu, zinazokinga mwili na maambukizi, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Kunawa mikono kuwe sheria ya nyumba nzima, asiwekewe mtoto peke yake, na kamwe asiambiwe "utamuua mama kwa mafua yako". (Nimeisikia, kwa bibi aliyekuwa amechoka. Bibi naye alihitaji kukaa na mtu.) Steroidi humvimbisha baba uso na kumfanya mkali, na asipoambiwa kwamba ni dawa, mtoto atajua tu kwamba baba hampendi siku hizi. Mtoto anataka kusaidia, mpe kazi inayoisha: mletee mama maji. Akileta, asante, mama alikuwa na kiu. Ishie hapo, usiongeze kupona.

6. Mgonjwa akiwa mtoto, kuna ndugu zake.

Ndugu wa tumbo moja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa kwa ajili ya kupandikiza uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Maana yake mara nyingi majibu yatarudi hapana, na kuna mtoto mahali atasikia kwamba ameshindwa mtihani wa kumwokoa dada yake. Mwambieni kabla ya kipimo kwamba hili halina kujitahidi. Na yule aliyelingana akatoa, akaitwa shujaa na wodi nzima, fikirieni siku uboho ukikataa. Shujaa aliyeshindwa ana miaka minane. Punguzeni hilo neno.

7. Wazazi wanaosema "asiambiwe".

Msipigane nao, na msiwazunguke kumwambia mtoto kisirisiri. Wanaogopa swali moja tu: utakufa? Kaeni nao mlifanyie mazoezi, kwa sauti, mpaka mdomo uzoee: "Sijui. Madaktari wanajitahidi sana. Kukiwa na jambo jipya nitakuambia mimi mwenyewe." Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuhudumia wagonjwa walio karibu na mwisho, London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, akili, jamii na roho kwa pamoja. Mnalijua hilo kutoka kwenye kozi ya tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso ya mgonjwa. Mimi nililijua kwa mama ambaye mofini yake, dawa ya maumivu makali, iliongezwa mara mbili ndani ya wiki na bado usiku analia, mpaka alipopata nguvu ya kukaa na wanawe watatu kitandani akawaambia ukweli. Mofini iliendelea kuhitajika, lakini usiku ule alilala.

8. Akifa, sema amekufa.

Amelala, amesafiri, tumempoteza: yote haya mtoto huyachukua yalivyo. Ataogopa kulala, atangoja mlangoni, atauliza kwa nini hamwendi kumtafuta. Wa chini ya miaka mitano atarudia "atarudi lini?" hata baada ya kuelezwa vizuri, kwa sababu hajajua bado kwamba kifo hakirudi nyuma. Jibu lilelile, kwa maneno yaleyale, mara ya ishirini kama mara ya kwanza. Na akilia dakika tano kisha akaomba mpira, mpeni mpira. Atarudi kwenye kilio mwenyewe, anakunywa kidogokidogo kadiri anavyoweza.

Nimezungumza na yule mwenzenu wa korido. Nilimsimulia habari ya daftari, akanyamaza, kisha akauliza swali lililonifurahisha: "Nimngoje aulize, au nimwanze mimi?" Mwanze wewe. Ukisubiri aulize, huenda usisikie swali kabisa.

Mama wa yule binti anarudi Alhamisi kwa dozi ya tatu. Tumekubaliana atamwomba mama ruhusa kwanza, kisha achuchumae palepale, ayachukue maneno yake, amuulize binti mama ana nini, na anyamaze. Mimi nitakuwa chumba cha pili, mlango wazi.