Kwa nini boriti za daraja zichomelewe vijiti vya kushika slabu?

Umeuliza kama slabu ya zege, yaani sakafu ya daraja, haiwezi kulala tu juu ya boriti za chuma kwa uzito wake, bila vile vijiti vya chuma vyenye vichwa kama misumari minene vinavyochomelewa juu ya boriti na kuzama ndani ya zege. Inaweza kulala, ila haitasaidia kubeba. Chukua mbao mbili zinazolingana, zipandanishe, egemeza ncha zake kwenye matofali, kisha simama katikati. Zinapinda, na ukitazama ncha utaona moja imeteleza juu ya nyingine. Zigongomee misumari ya kutosha zisiteleze tena: sasa ni ubao mmoja mnene, na kupinda kunapungua karibu mara 4.

Ndiyo kazi ya vijiti, ambavyo mara nyingi vina kipenyo cha milimita 19 au 22. Vinazuia mtelezo, zege linabeba mgandamizo juu, chuma kinabeba nguvu ya kuvutwa chini. Ndiyo maana huwa vingi zaidi karibu na nguzo kuliko katikati: huko nguvu ya kutelezesha ni kubwa.

Ila angalia, daraja likipita juu ya nguzo bila kukatwa, hapo mambo yanageuka. Slabu inavutwa, na zege halipendi kuvutwa hata kidogo, kwa hiyo nondo huongezwa ili nyufa zibaki nyembamba. Na tafadhali, kabla ya kumwaga zege, vijiti vichache vigongwe nyundo hadi vipinde. Kikikatika kwenye mshono wa kuchomelea, simamisha kazi.