Adapta ya Type-C inayogoma kutoa sauti

Umechomeka hedifoni za waya kwa adapta ya Type-C, zinacheza kwenye simu ya rafiki yako lakini kwenye Galaxy yako kimya? Adapta hiyo haina DAC ndani, yaani chipu inayobadilisha sauti ya kidijitali ya simu kuwa ya analogi, ambayo ndiyo hedifoni hutumia. Adapta za bei ya chini zinapitisha tu sauti ambayo simu imeshaibadilisha kuwa ya analogi, na simu nyingi zisizo na tundu la 3.5 mm, zikiwemo Pixel tangu Pixel 2 ya 2017 na Galaxy kuanzia Note 10 ya 2019, hazitoi sauti ya analogi kwenye Type-C. Tafuta iliyoandikwa DAC kwenye boksi. Kama muuzaji hajui, ichomeke kwenye tundu la Type-C la laptop: yenye DAC inajitokeza kama kifaa kipya kwenye orodha ya sauti, isiyo nayo haionekani kabisa. Ukishindwa kuijaribu, usinunue.

Ile ya Apple ya Type-C ina DAC nzuri, ila kwenye simu nyingi za Android sauti hutoka ndogo hata ukiongeza mpaka mwisho, kwa sababu Android haipandishi kiwango cha sauti cha adapta yenyewe. Kwa Android afadhali ya Samsung.

Oppo, Vivo na OnePlus: washa kwanza OTG kwenye mipangilio, yaani swichi inayoruhusu simu kutumia vifaa vinavyochomekwa kwenye tundu lake la Type-C. Hujizima ikikaa dakika 10 bila kutumika, halafu watu wanadhani adapta imekufa.

Hedifoni za ohm 16 hadi 32 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme wa hedifoni) zinatosha na adapta hizi. Za ohm 250 zitalia, lakini chini mno kwa mtu aliye ndani ya daladala.