Kubadilisha U-Boot kwenye eMMC bila kuua bodi

Umeuliza kama umeme ukikatika katikati ya kuandika U-Boot (programu ndogo inayowasha bodi ya kompyuta kabla ya Linux) bodi inakufa. Ukiandika juu ya ile inayotumika, ndiyo. Lakini eMMC (chipu ya hifadhi iliyo kwenye bodi) ina sehemu mbili za kuwashia, boot0 na boot1: bodi ikiwa inawaka kwa boot0, andika boot1. Ondoa kwanza kinga inayozuia kuandika (`echo 0 > /sys/block/mmcblk0boot1/force_ro`), andika faili la U-Boot kwa `dd`, `sync` ili data yote ifike kwenye eMMC, futa kache ili usisome kumbukumbu ya RAM, ndipo ulinganishe kilichoandikwa na faili lako kwa `cmp`. Zikifanana, geuza bodi iwake kwa boot1: `mmc bootpart enable 2 1 /dev/mmcblk0`. Hiyo 2 ndiyo boot1, wengi huteleza hapo. Na mahali pa kuanzia kuandika ndani ya boot1 hutegemea chipu kuu ya bodi: i.MX8M Mini ni kilobaiti 33, i.MX8M Plus ni sifuri. Ukikosea, `cmp` itapita vizuri tu na bodi haitawaka.