Vijana wa gatini, ulizeni saa kwanza

Jumamosi nilikuwa bandarini Kilindini, nikamsikia kijana mwongoza wageni wa msimu huu, shati bado lina mikunjo ya dukani, anawaambia wageni wa basi la sita: "Tukutane hapa hapa saa nane." Nikamvuta kando. Saa nane ya nani? Akanitazama kama mtu aliyepandwa na pepo. Kaskazi ndiyo kwanza inaanza na meli za watalii bado zinakuja, kwa hivyo nisikilizeni.

1. Namba ya basi ikae kwenye kioo na kifuani mwa mgeni, na dereva asihamishe gari ati anatafuta kivuli.

2. Someni maji. Waliozoea bandari ambako meli hutia nanga nje na wageni wakaletwa pwani kwa mashua, wakifika hapa hupumua: meli yafunga gatini, mtu ashuka kwa ngazi, kazi imekwisha. Haijaisha. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, saa nne asubuhi maji yametoka na ngazi imelala kama mkeka. Saa kumi alasiri maji yamejaa, meli imepanda juu, na ngazi ile ile imesimama kama mnazi. Mwenye fimbo arudi mapema.

3. Saa. Hapa nitajivua nguo mbele yenu.

Msimu wangu wa pili nilipewa basi la wageni 38 kwenda Bamburi, Haller Park, kulisha twiga. Karatasi ilisema wote wawe melini 16:30. Mimi mtoto wa Mombasa nikapiga hesabu: tutoke saa tisa, Daraja la Nyali lina lake, saa kumi tuko langoni. Nikajiona fundi. Twiga wakala, wageni wakapiga picha, bibi mmoja mwenye kofia ya ukili akanijia na kunionyesha mkono. "Saa yangu yasema kumi kasoro robo. Hatujachelewa?" Nikatazama yangu: tisa kasoro robo. Nikacheka, wallahi nilicheka, nikamwambia, "Mama, saa yako bado iko Shelisheli."

Kumbe hata meli bado ilikuwa Shelisheli. Ilitoka Victoria, kule wako mbele yetu kwa saa moja, na nahodha hakuona haja ya kurudisha saa kwa bandari ya siku moja. 16:30 yao ni saa tisa na nusu yetu.

Simu ilinipata darajani, nyuma ya trela, saa tisa na dakika arobaini. Msimamizi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Uko wapi?" kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Tulifika saa kumi na robo. Rubani wa bandari wa kuitoa meli yuko juu zamani, tagi mbili za kuivuta zimekaa ubavuni, na abiria wamejaa kwenye roshani wakitupigia makofi na miluzi kama timu iliyofungwa kumi bila. Na ilikuwa bamvua. Wazee wangu wakaukwea ule mnazi mmoja mmoja, baharia akisukuma kwa nyuma, nami chini nabeba mikoba na vinyago. Bibi wa kofia alikuwa wa mwisho. Hakusema neno. Aliigonga saa yake kwa kidole mara mbili, akapanda.

Msimu uliobaki nilikaa kwenye lango nikielekeza tuktuk.

Siku hizi nikifika gatini, kabla ya salamu, namuuliza mlinzi wa ngazi saa ya meli ni ngapi, na naifunga mkono wa kulia. Ya kwetu kushoto. Mnaonicheka saa mbili, chekeni.

4. Choo ni kabla ya Fort Jesus.

Yule wa Jumamosi nilimtuma ngazini akaulize. Alirudi mbio, rangi imemtoka, akaanza kuwahesabu watu wake. Wanne walikuwa washaondoka kwenda kupiga picha kwenye Pembe za Ndovu, kule mjini Moi Avenue.