Jinsi ya kulitumia neno "little" bila kupotosha maana

Katika kuwafundisha Kiingereza watu wazima wanaozungumza Kiswahili, neno linalonilazimu kulirudia mara kwa mara ni "little", kwa sababu wengi hulijua tangu siku za mwanzo na hivyo hawaoni haja ya kulichunguza tena. Ushauri wangu ni kwamba, kabla ya jambo jingine lolote, utazame kama limetanguliwa na "a" au la, kwani kineno hicho kifupi hugeuza maana ya sentensi nzima.

Mwanafunzi mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi ili niipitie kabla hajaituma. Alikuwa ameandika "I have little experience in accounting", akikusudia kusema kwamba ana uzoefu kiasi wa uhasibu, ilhali mwajiri angeelewa kwamba mwombaji karibu hana uzoefu wowote. Tulipoandika "a little experience", ilieleweka kwamba uzoefu upo, ingawa si mwingi. Hata hivyo nilimshauri atumie "some experience", maana barua ya kazi si mahali pa kujipunguza.

Naamini chanzo cha mkanganyiko huu ni kwamba "kidogo" ya Kiswahili hubeba maana zote mbili, na sisi huzitenganisha kwa muktadha, kwa sauti, au kwa kuongeza "tu" na "sana". Ukisema "nina muda kidogo, karibu tuzungumze", hakuna atakayedhani kwamba unamfukuza mgeni. Lakini "I have little time" ni maneno ya mtu anayetaka aachwe aendelee na shughuli zake. Kwa vitu vinavyohesabika hatupati taabu kubwa, kwa kuwa tayari tunasema "watu wachache" wala si "watu kidogo", na Kiingereza nacho hutumia "few", ambayo hufuata kanuni ileile ya "a".

Jambo linalohitaji sikio zaidi ni tofauti ya "little" na "small". Unapopima ukubwa wa kitu, tumia "small": chumba ni "small", kingine ni "smaller", na kwa kawaida husemwa "the room is small" badala ya "the room is little". "Little" hukaa kabla ya nomino na mara nyingi huja na hisia za msemaji, kama viambishi vyetu vya udogo. "A nice little house" ni nyumba inayompendeza anayeisema, lakini "a silly little man" ni dharau tupu, sawa na kumwita mtu kijitu. Kwa hiyo katika ripoti au barua rasmi napendekeza "small", isipokuwa kama unataka hisia hizo zionekane.

Vilevile, "my little brother" ni mdogo wangu kwa umri, hata kama amenipita kimo, na "little finger" ni kidole cha mwisho cha mkono.

Katika maandishi utakutana pia na "Little did he know", yaani hakujua hata kidogo. Hapa "little" inafanya kazi ya kukanusha, na ndiyo sababu "did" imetangulia mtenda. Muundo huu unafaa katika masimulizi, lakini katika mazungumzo ya kawaida "he didn't know" inatosha.

Mwisho, usiipeleke "kidogo" yetu kila mahali. Tunaposema "kidogo nianguke", tunamaanisha kwamba kuanguka kulikaribia lakini hakukutokea, na "little" haiwezi kuieleza maana hiyo hata ukiongeza "a". Sema "I almost fell" au "I nearly fell".