Muulize Karani: Polisi wa Marekani wanahesabiwa na nani?

Kwa wanaoufungua ukurasa huu mara ya kwanza: nilikuwa karani wa kumbukumbu kwa miaka 21 kwenye idara ya polisi ya mji mdogo jimbo la Pennsylvania. Askari 9, karani 1. Bunduki sikuwahi kuishika. Nilishika kalamu, baadaye kibodi, na kila mwisho wa mwezi nilijaza fomu ya uhalifu iliyokwenda kwanza kwa jimbo, kisha FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu. Barua zenu za mwezi huu karibu zote zinahusu fomu hiyo, ingawa wengi wenu hamjui kama ilikuwepo.

Shikamoo Mzee Karani. Nasoma uuguzi hapa Columbus, Ohio. Mwalimu ametutaka tuandike polisi wa Marekani huua watu wangapi kwa mwaka. Pahala pamoja nimekuta 400 na ushee, pengine 1,000, pengine tena karibu 1,200. Niandike ipi? – Mwanafunzi, Columbus

Marahaba, mwanangu. Andika zote tatu, kisha useme kila moja imetoka mkononi mwa nani.

Ile ya 400 na ushee ni hesabu ya zamani ya FBI. Kulikuwa na kipengele cha mauaji ya halali, na kwa polisi maana yake ilikuwa hivi: mhalifu aliyeuawa na askari akiwa kazini. Soma tena polepole. Aliyeuawa sharti awe mhalifu. Sasa askari akimpiga risasi mtu aliyeshika simu akidhani ni bastola, karani anamwandika wapi? Kisanduku chake hakikuwepo. Na hata hao wenye kisanduku, idara haikulazimishwa kuwapeleka.

Hapo kwenye kulazimishwa ndipo penye kiini. Watu hudhani Marekani ina jeshi moja la polisi lenye makao makuu Washington. Halipo. Kuna vyombo karibu 18,000, kuanzia New York yenye askari zaidi ya 30,000 hadi miji kama wetu, na karibu nusu ya idara za polisi za mitaa zina askari wasiofika 10. FBI si bosi wao. FBI inaomba. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumtaka Mwanasheria Mkuu akusanye takwimu za askari wanaotumia nguvu kupita kiasi na kuzichapisha kila mwaka. Ila hakuna idara iliyobanwa impelekee chochote. Ni kama kumwambia mtu achote maji bila kumpa ndoo.

Ile ya 1,000 ni ya waandishi wa habari. Tarehe 9 Agosti 2014 askari alimuua kijana Michael Brown kule Ferguson, Missouri. Nchi nzima ikauliza, wangapi wengine? Serikali haikuwa na jibu la kueleweka. Gazeti la Washington Post likaanza 2015 kuhesabu lenyewe, kwa kusoma habari za magazeti ya mikoani na taarifa za polisi, tukio kwa tukio. Kila mwaka hesabu ikaja karibu na 1,000, na hadi mwisho wa 2024 ilikuwa imepita 10,000. Zaidi ya maradufu ya ile ya serikali!

Lakini gazeti lilihesabu risasi peke yake. George Floyd, aliyekufa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020 chini ya goti la askari, hayumo kwenye orodha ile, maana hakupigwa risasi. Wanaohesabu kila njia ya kuua, kukaba, shoti ya umeme, kugongwa na gari la polisi, ndio wanaofika huko kwenye 1,200.

Kwa kuwa unasoma uuguzi, nikuongezee la kwenu. Mwaka 2021 jarida la tiba The Lancet lilichapisha utafiti uliolinganisha orodha za namna hii na takwimu za serikali zinazotokana na vyeti vya vifo. Kati ya 1980 na 2018 walikadiria watu 30,800 hivi waliuawa na polisi, na zaidi ya nusu, kama 17,100, takwimu hizo hazikuwaonyesha hivyo. Cheti kikisema jeraha la risasi bila kumtaja askari, anayekiingiza kwenye mashine atajuaje? Taarifa ya kwanza ya polisi kuhusu Floyd ilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya wakati akishughulikiwa na polisi. Kama si binti aliyerekodi kwa simu pale kando ya barabara, pengine nasi tungeishia hapo.

Siku hizi FBI ina mkusanyo maalumu wa matukio ya nguvu, ulioanza 2019. Nao ni wa hiari.

Mzee wangu, naendesha lori kutoka Dallas. Dereva mwenzangu ananiambia wanaouawa zaidi na polisi ni wazungu. Nimemkatalia hadi tumenuniana. Nani ana haki? – Dereva, Texas

Nyote wawili, na mnaweza kupatana leo hii.

Ukihesabu vichwa, wazungu ni wengi kuliko kundi lolote. Mwenzio hajadanganya. Lakini nao ndio wengi nchini. Watu weusi ni kama asilimia 13 au 14 ya Wamarekani, huku wakiwa zaidi ya robo ya waliouawa kwa risasi za polisi. Gawanya kwa idadi ya watu: uwezekano wa mtu mweusi kuuawa ni zaidi ya mara mbili ya mzungu.

Sasa mwenzio, kama ni mjanja, atasema: usigawanye kwa watu wote, gawanya kwa waliokutana na polisi. Hoja hiyo si ya kijinga. Profesa Roland Fryer wa Harvard, yeye mwenyewe mweusi, aliifuata kwenye utafiti wa 2016. Kwa mafaili ya Houston hakuona tofauti ya rangi katika kupigwa risasi. Kwa mafaili ya New York akaona tofauti kubwa katika kusukumwa, kubanwa ukutani na kutiwa pingu. Waliompinga walisema hivi: kama askari huwasimamisha weusi wengi wasio na kosa, kundi lao la waliokutana na polisi linajaa watu wasio na hatari yoyote. Ukigawanya kwa kundi lililovimba namna hiyo, jibu litatoka dogo na upendeleo utajificha humo humo.

Nimewaona wasomi wakubwa wakigombana juu ya kigawanyo hiki kwa miaka. Ninyi mkimalizana kwenye kituo cha mafuta, mtakuwa mmewashinda.

Bwana Karani, kijana wangu ana miaka 19, amesimamishwa barabarani mara nne mwaka huu. Kila mara anaambiwa taa, au kioo, au hakuwasha indiketa. Mimi nasema ni rangi. Askari wanasema hawaoni rangi. Je, kuna hesabu ya kuthibitisha? – Mama Kijana, Louisville, Kentucky

Pole, Mama Kijana. Kwa mwanao peke yake, hesabu haiwezi kusema. Kwa barabara nzima, ipo, na mimi naipenda kuliko zote.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya kumbukumbu za karibu magari milioni 100 yaliyosimamishwa katika miji na majimbo mengi. Wakachukua saa moja ya jioni. Wakati fulani wa mwaka saa moja bado kuna mwanga, dereva anaonekana uso. Wakati mwingine saa ile ile ni giza, askari anaona taa za gari tu. Saa ni moja, barabara ni ile ile, wanaorudi makazini ni wale wale. Kilichobadilika ni kuonekana uso. Wakakuta giza likishaingia, sehemu ya madereva weusi kati ya wanaosimamishwa inapungua.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliinuka kitini. Miaka yote ile nilikuwa naandika saa ya tukio kwenye kadi nikidhani ni urasimu tu.

Kuna na ya New York. Mwaka 2011 polisi wa jiji lile waliandika fomu 685,724 za kuwasimamisha watu njiani, wengine wakipapaswa mwilini. Asilimia 88 waliachiwa bila kukamatwa wala kupewa hati ya mashtaka. Weusi na Walatino walikuwa zaidi ya asilimia 80. Fomu ilikuwa na visanduku vya sababu, na kimoja kilichopigwa alama mara nyingi mno kilimaanisha miondoko ya kutia shaka. Miondoko! Mtu akitembea haraka, shaka. Akisimama, shaka. Mwaka 2013 jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba jinsi jiji lilivyokuwa likifanya kumevunja Katiba. Waliotetea utaratibu ule walionya kuwa mauaji yatapanda. Kufikia 2017 waliosimamishwa hawakufika 12,000, na mauaji yalikuwa 292, pungufu sana ya 515 ya mwaka 2011.

Kijana wako mwambie aandike tarehe, saa na namba ya gari la polisi kila mara. Aandike siku ile ile, akiwa ametulia, si wakati askari amesimama dirishani.

Shikamoo. Sherifu na polisi ni kitu kimoja? – Mgeni, Maine

Marahaba. Hapana. Mkuu wa polisi wa mji huajiriwa na mji. Sherifu ni wa kaunti, na karibu kila mahali huchaguliwa kwa kura. Wako kama 3,000. Aghalabu yeye ndiye mwenye jela ya kaunti. Ukiona jina lake kwenye karatasi ya kura, usipite tu.

Karani, shemeji yangu ana chati ya FBI ya mwaka 2021 na anaitumia kuthibitisha kila analolitaka. Mwezi uliopita uhalifu ulishuka, wiki hii umepanda. Nifanyeje naye? – Shemeji, Minneapolis

Mnyang'anye chati hiyo. Mwaka 2021 ndio mbaya kuliko yote kulinganishia.

Zamani tulihesabu kwa kanuni ya ngazi. Nikupe mfano wa usiku mmoja nilioujaza mwenyewe. Mtu aliingia kupitia dirisha la jikoni, akampiga mwenye nyumba kwa kipande cha bomba, akampokonya pochi. Uvunjaji wa nyumba, shambulio la kujeruhi, unyang'anyi. Kwenye fomu ya mwezi niliandika moja: unyang'anyi, kwa kuwa uko ngazi ya juu. Mengine mawili yaliyeyuka. Yule bwana alishonwa nyuzi kichwani, lakini kwa Washington hakushambuliwa.

Tarehe 1 Januari 2021 FBI ikaacha mtindo huo na kudai mfumo mpya unaopokea hadi makosa 10 kwa tukio moja. Mfumo ni bora, sina ubishi. Lakini idara nyingi hazikuwa tayari. New York na Los Angeles hazikupeleka. Idara zilizopeleka zilihudumia kama asilimia 65 tu ya watu wa nchi, zilizobaki zikakadiriwa. Mwaka mmoja kabla, 2020, mauaji yalikuwa yamepanda karibu asilimia 30, kupanda kukubwa kuliko kote tangu hesabu zianze kuwekwa. Basi mwaka ambao watu walihitaji jibu kuliko mwingine wowote ndio mwaka ambao mizani ilikuwa kwa fundi.

Mzee, usituzungushe. Ulikula mshahara wao. Namba zote za polisi ni uongo, kubali yaishe. – Asiyedanganyika, Phoenix

Zote, sikubali. Mauaji huandikwa na polisi, na huandikwa tena na idara ya afya kupitia vyeti vya vifo, na vitabu hivyo viwili huenda sambamba miaka yote, maana maiti haifichiki kirahisi. Namba ya kesi za mauaji zinazopata mtuhumiwa nayo naiamini, kwa sababu inawaaibisha wenyewe: mwanzoni mwa miaka ya 60 ilikuwa juu ya asilimia 90, kufikia 2022 ilikuwa kama nusu.

Pia tangu miaka ya 70 Ofisi ya Sensa huwahoji wananchi majumbani, wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, kuhusu yaliyowapata, wawe waliripoti polisi au hawakuripoti. Humo ndimo tulimojua kwamba uhalifu mwingi wa nguvu haufiki polisi kabisa, na wizi ndio usiseme.

Ila kwa wizi mdogo una haki ya kunitilia shaka, na nitakwambia kwa nini. Mwaka fulani mji wetu ulikuwa unagombea sifa ya usalama, na mkubwa wangu akaniletea rundo la kadi za baiskeli. Alizotaka zihame kutoka wizi kwenda mali iliyopotea alikuwa amezitia alama ya penseli, nyepesi, ya kufutika. Mali iliyopotea haiingii kwenye fomu ya FBI. Nilibisha kwa kadi mbili, nikashinda moja. Nyingine zote nilizihamisha, nilikuwa na kodi ya nyumba. Mojawapo ilikuwa ya mvulana wa darasa la saba aliyekuja mwenyewe kaunta, akiwa na mnyororo wa baiskeli mkononi ili tuone mahali ulipokatwa. Niliuandika huo mnyororo kwenye kadi yake, mstari wa maelezo. Kadi ikaenda kwenye droo ya vilivyopotea pamoja na miavuli.