Sefu ya nyumbani: ya kubonyeza au ya kuzungusha?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni wakala wa pesa za simu, jioni narudi nyumbani na hela na nimechoka kuzificha chini ya godoro, nataka sefu. Fundi ananiambia nichukue ya kuzungusha, eti hizi za kubonyeza betri ikiisha namba inafutika na hela ndo zimebaki humo. Mume wangu anataka ya kubonyeza. Nimsikilize nani? – Wakala, Tanga

JIBU: Dada yangu, hapo kwenye betri fundi amekutisha bure. Betri ikiisha namba haifutiki, iko kwenye memori ya kufuli, unaweka betri mpya unabonyeza namba ile ile inafunguka. Ila hakikisha betri inabadilishwa kwa nje, kwenye kile kibao cha namba, nyingi nzuri zinatumia ya volti 9. Na kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu angalia vile vyuma vinavyogusa betri visishike kutu.

Ya kuzungusha, ile yenye duara la namba mlangoni, siibezi, haihitaji betri na ikifanyiwa sevisi inadumu miaka na miaka. Ndani ina visahani, mara nyingi vitatu, kila kimoja na mkato wake, mpaka mikato yote ikae mstari mmoja ndo inaachia. Sasa kufungua kwenyewe: nyingi ni kushoto mara nne hadi namba ya kwanza, kulia mara tatu hadi ya pili, kushoto mara mbili hadi ya tatu, halafu kulia mpaka igome, na ukipitiliza namba unaanza upya. Wewe unafungua kila asubuhi na kila jioni, siku nyingine umeme umekatika uko gizani, utachoka, na watu wakichoka wanalisogeza duara kidogo tu badala ya kulizungusha vizuri wakati wa kufunga, mwizi akilirudisha kidogo imefunguka! Hiyo inamfaa mwenye hati ya kiwanja anayefungua mara moja moja. Tena kubadili namba yake kwa kawaida unamwita fundi, wakati ya kubonyeza unabadili mwenyewe siku hiyo hiyo msaidizi wako anapoacha kazi.

Kwa hiyo mume wako yuko sahihi, ila msinunue vile viboksi vyepesi vya bei chee, kufuli za vingine zinaachia kwa kugongwa tu. Na hata iwe nzuri vipi ifungeni kwa bolti kwenye zege, la sivyo wanaibeba nzima nzima. Kabla hujalipa mwambie muuzaji atoe betri mbele yako, airudishe, afungue kwa namba ile ile.